Kabla mtoto hajapita kaunta: mwongozo kwa wazazi wa Malindi na Lamu

Asubuhi moja ya Novemba mama kijana wa Muyeye, mtaa wa hapa Malindi, aliingia ofisini kwetu na kikapu cha sokoni. Mimi si wakili. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchapa viapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu huyaapia kuwa ni kweli, na kukimbiza mafaili baina ya ofisi ya wakili na korti ya Malindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. Alitoa kikapuni jaketi la mtoto, jipya, lenye manyoya kwenye kofia, lebo ya dukani ikining'inia mkononi. Akaliweka juu ya meza yangu.

"Nimelikuta chini ya kitanda kwa babake. Mtoto ana miaka sita. Malindi hii nani huvaa kitu kama hiki?"

Novemba yetu hata shuka ni mzigo. Lile jaketi lilisema kila kitu: kuna mahali pa baridi mtoto anapelekwa, na mamake hakuambiwa. Tulilipiga picha pale pale mezani, na picha ile ikaingia kwenye kiapo kama kielelezo.

Wageni wa Ulaya, Waitaliano hasa, wamekaa Malindi tangu miaka ya 1960, walipojenga jukwaa la kurushia roketi kule Ngomeni. Watoto wa damu mbili na paspoti mbili tunao wengi. Lamu nako kuna ndugu Oman, Yemen, Uarabuni kote na Zanzibar, na akina mama walioko Saudia kikazi huku watoto wamebaki kwa nyanya. Kwa hiyo ugomvi wa wazazi huku kwetu mara nyingi huishia uwanja wa ndege. Mwongozo huu ni wa mzazi anayehofia mtoto kutoroshwa, na pia wa mzazi anayetaka kusafiri na mtoto kwa njia iliyonyooka. Na ukumbuke neno moja kabla ya yote: kazi yako yote iko upande huu wa kaunta ya Uhamiaji. Mtoto akishapita, sheria ya Kenya hubaki nyuma ikipunga mkono.

Jua umesimama wapi

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na mama na baba, na kwamba wajibu wao ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inashika msingi huo huo.

Hapa wengi hujikwaa. Chini ya sheria ya zamani, mama asiyeolewa ndiye aliyekuwa na wajibu wa mtoto tangu mwanzo, na baba alilazimika kuupata baadaye. Akina mama wengi bado wanaishi kwa sheria ile: "Mtoto ni wangu, hatukuoana, nampeleka nitakako." La. Siku hizi baba anaweza kukusimamisha kama wewe unavyoweza kumsimamisha yeye. Kama jina lake halimo kwenye cheti cha kuzaliwa atakuwa na kazi ya kuthibitisha kwanza kwamba ni babake, lakini mlango haujafungwa.

Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 16 mwenye ndevu bado ni mtoto mbele ya korti hii.

Hatua ya kwanza: kusanya kimya kimya

Ukishashuku, usipige simu kugomba. Ukigomba leo, tikiti ya mwezi ujao inageuka ya kesho usiku. Kwanza kusanya.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni nambari ya paspoti ya mtoto, na kama ana mbili, nambari zote mbili. Watu huleta picha arubaini za siku ya kuzaliwa na barua za mapenzi za zamani, ukimuuliza nambari ya paspoti anakodoa macho. Tafuta kwenye simu yako: uliwahi kutuma picha ya ukurasa wa mbele kwa ajenti wa tikiti, au shuleni, au kwa shangazi yake? Mara nyingi huwa imo mle.

Kisha cheti cha kuzaliwa. Kama kimetoweka kabatini, hiyo yenyewe ni dalili, iandike. Nakala nyingine unaweza kuiomba kwa ofisi ya usajili wa raia kupitia eCitizen. Weka pamoja kadi ya kliniki, ripoti za shule, risiti za karo na ujumbe wowote wa simu unaotaja safari. Ripoti za shule na kadi ya kliniki zinaonyesha kwamba maisha ya mtoto yako hapa, na siku ikifika ya kusimama mbele ya jaji wa nchi nyingine, hicho ndicho atakachokiuliza kwanza.

Dalili nyingine nilizoziona zikitajwa kwenye viapo kwa miaka hii: barua ya kumhamisha shule bila sababu, chanjo isiyo ya kawaida, mzazi mwenziwe anayeuza fanicha, tikiti ya kwenda bila ya kurudi, mtoto mwenyewe kuuliza, "Mama, theluji inauma?"

Ujumbe wa simu upige picha ukionyesha tarehe na nambari iliyoutuma. Usiukate kipande kinachokufaa peke yake. Wakili wa upande wa pili ataleta kilichobaki, na hapo umepoteza imani ya hakimu kwa jambo dogo.

Hatua ya pili: ripoti, lakini usilale kituoni

Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, eleza, acha nakala. Ofisi yake ndiyo itakayoandika ripoti ya hali ya mtoto korti ikiitaka, na ni afadhali akujue kabla ya siku hiyo. Simu ya bure ya watoto, 116, hupokelewa saa zote. Itumie kama hujui pa kuanzia au ni usiku.

Kituo cha polisi nenda upate nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, hasa kwenye dawati la jinsia na watoto. Lakini usitegemee polisi wamkamate mzazi kwa sababu amenunua tikiti. Utaambiwa, "Mama, hii ni kesi ya familia, nendeni kortini," na kusema kweli hawajakosea sana. Nimeona watu wakipoteza siku mbili kwenye benchi la kituo wakingoja afisa fulani arudi, na ndege ilikuwa ya siku ya tatu. Chukua OB, toka.

Hatua ya tatu: korti gani

Ombi la kumzuia mtoto asitolewe nchini hupelekwa Mahakama ya Watoto, yaani kwa hakimu aliyeteuliwa kusikiza kesi za watoto katika korti ya Malindi au ya Lamu. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu.

Wenzetu Waislamu wengi hukimbilia kwa Kadhi, kwa sababu talaka ilikuwa pale na hadhana, yaani malezi ya mtoto, ni neno la pale. Kadhi ana heshima yake na kazi yake: Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Nguvu za Sheria ya Watoto, za kumweka mtoto chini ya ulinzi wa mahakama, kuzuia paspoti na kuamuru Uhamiaji, ziko kwa Mahakama ya Watoto. Ukipeleka suala la safari kwa Kadhi, upande wa pili atapinga mamlaka, na nyinyi mkibishana juu ya mlango, mtoto anapanda ndege. Kumwomba Kadhi au mzee wa mtaa awapatanishe ni jambo jema, na limemaliza kesi nyingi Lamu kuliko hakimu yeyote. Fanya hivyo amri ikiwa tayari imefika Uhamiaji, si kabla.

Hatua ya nne: karatasi

Tangu Machi 2024 kesi za korti zote nchini husajiliwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Kama huna wakili, wahudumu wa dawati la msaada kortini wataonyesha namna ya kuingia, na saiba, yaani maduka ya intaneti, nyingi karibu na korti wanaijua kazi hiyo kwa ada ndogo. Kama huna pesa za wakili, jaribu FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, au Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wote wana ofisi Mombasa, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Hakimu pia anaweza kuagiza mtoto apewe wakili wake.

Unahitaji karatasi nne: kesi yenyewe ya kuomba malezi, ombi la amri za muda, cheti cha dharura kinachoeleza kwa nini haliwezi kungoja, na kiapo chako. Hati huandikwa kwa Kiingereza kwa kawaida, lakini ukisimama mbele ya hakimu sema Kiswahili bila aibu, ni lugha rasmi ya nchi na karani atatafsiri.

Kiapo ndicho kinachoshinda au kuangusha. Watu huja wakitaka niandike hivi juu ya mjibu maombi, yaani mzazi wa upande wa pili: "Mjibu maombi ni mlevi, mwongo, hakuwahi kunipenda, na mamake ni mchawi." Yote yanaweza kuwa kweli. Hakimu anayesoma mafaili thelathini asubuhi hiyo anatafuta kitu kimoja tu: kwa nini leo? Kile cha mama wa jaketi kilikuwa na aya fupi, na aya iliyofanya kazi ilikuwa hii, kwa maana yake:

"Kwamba tarehe 14 nilikuta nyumbani kwa mjibu maombi jaketi jipya la baridi la saizi ya mtoto. Kwamba tarehe 15 mwalimu wa darasa aliniambia mjibu maombi ameomba barua ya kumhamisha mtoto. Kwamba cheti cha kuzaliwa cha mtoto hakipo tena kabatini mwangu. Kwamba mtoto ana paspoti ya kigeni iliyo mikononi mwa mjibu maombi, na haihitaji viza kuingia nchi hiyo. Kwamba sijaombwa wala sijatoa idhini ya safari yoyote."

Tarehe, kitu, mtu aliyesema. Matusi weka akiba ya kwa mashoga zako. Na usiseme uongo hata wa kupamba. Kuapa uongo ni kosa la jinai, tena mtoto mwenyewe anaweza kuulizwa.

Jina la mtoto huandikwa kwa herufi za mwanzo tu, na kesi husikizwa faraghani. Basi usiende kumwaga picha zake Facebook ukiomba dua za umma.

Nenda asubuhi. Ijumaa alasiri ni saa mbaya kuliko zote, na wanaopanga kutorosha wanalijua hilo. Jihadhari pia na likizo za shule za Aprili, Agosti na Desemba, ndipo safari hizi hufanyika. Likizo ya Mahakama Kuu ya Agosti na ya Krismasi isikutishe. Mahakama ya Watoto iko kwa hakimu, na ombi la dharura hupata wa kulisoma.

Hatua ya tano: maneno ya amri

Amri inayosema tu "mtoto asisafiri" ina matundu. Muombe wakili, au omba mwenyewe, amri iwe na mambo haya kwa maneno wazi:

Mtoto asitolewe nje ya Kenya na mtu yeyote, si mjibu maombi peke yake. Nyanya na shangazi pia hupanda ndege.

Paspoti zote za mtoto, ya Kenya na ya nchi nyingine yoyote, ziwekwe kortini ndani ya saa 24. Neno "zote" liwe mle. Nimeona paspoti ya Kenya ikiletwa kwa utiifu mkubwa, na nyingine ikibaki mfukoni.

Paspoti mpya au hati ya muda ya kusafiria isitolewe bila amri ya korti. Hati ya muda ya Afrika Mashariki wengi huisahau, na ndiyo inayovusha mtu hadi Tanzania.

Uhamiaji iamriwe kwa jina lake, na nambari za paspoti ziandikwe ndani ya amri yenyewe, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Majina yetu ya Pwani yanafanana; kina Fatma Ali wako wangapi?

Amri hii ya kwanza, inayotolewa bila upande wa pili kusikizwa, ni ya muda mfupi, aghalabu siku 14. Andika ukutani tarehe ya kurudi kortini. Amri iliyokwisha muda haimzuii mtu.

Hatua ya sita: ipeleke kwa miguu yako

Hapa ndipo kesi nyingi hufa, nami nitakaa hapa kidogo.

Mama wa jaketi alipata amri siku ile ile, saa tisa alasiri. Akaibusu. Akaikunja, akaitia kwenye pochi, akaenda kupika. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha: hakimu amesema. Nilipompigia kesho yake kumuuliza amefika wapi nayo, alinyamaza, kisha akasema, "Kwani haiendi yenyewe?"

Haiendi yenyewe. Afisa aliye kwenye kaunta hajui kwamba Malindi kuna hakimu aliyesema chochote, mpaka jina la mtoto liingizwe kwenye orodha ya zuio ya Uhamiaji. Na haliingii mpaka amri ifike kwa Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Uhamiaji, Nyayo House, Nairobi.

Chukua nakala zilizogongwa muhuri wa korti, angalau sita. Moja ipelekwe Nyayo House na mtu, si kwa barua pepe peke yake. Kama huwezi kwenda, mtume ndugu kwa basi la usiku, au wakili amtumie mwenzake wa Nairobi. Akiifikisha, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa, na aulize jina la dawati linaloingiza zuio. Bila muhuri wa kupokea huna ushahidi kwamba waliambiwa.

Nakala ya pili ipelekwe kwa Uhamiaji wa uwanja wa kimataifa wa Moi, Mombasa. Uwanja wa Malindi na ule wa Manda, wa Lamu, ni wa safari za ndani. Anayepanda pale kwenda Nairobi haulizwi paspoti na mtu wa Uhamiaji. Ukienda kulia pale Malindi utaonewa huruma tu. Ukaguzi wenyewe uko Mombasa, kwa ndege za moja kwa moja, na Nairobi kwa Jomo Kenyatta. Kwa njia ya nchi kavu kuingia Tanzania, mpaka wa Lunga Lunga ndio karibu yetu, halafu Taveta na Namanga. Anayetoka Lamu kwa boti hadi Mokowe kisha basi anaweza kuwa Lunga Lunga siku ya pili. Kama hofu yako ni Tanzania, nakala ya tatu iende mpakani.

Ya nne ni ya upande wa pili. Amri ambayo hakupewa hawezi kushtakiwa kwa kuivunja. Apelekewe na mpeleka samansi aliyeidhinishwa, naye aape kiapo cha kuonyesha alimkuta wapi na saa ngapi. Usiende kumtupia mlangoni mwenyewe, vita vitaanza.

Ya tano ni ya ubalozi, kama mtoto ana uraia wa pili. Amri ya Kenya haimfungi balozi, lakini barua yako ni kitu kingine. Kwa mfano, sheria ya Italia huomba idhini ya wazazi wote wawili, au ruhusa ya jaji, kabla ya kumpa mtoto paspoti. Basi andika wazi kwamba hukubali, na kama uliwahi kutia saini huko nyuma, unaiondoa idhini. Ambatisha amri. Malindi kuna ofisi ya konseli wa heshima, mwakilishi mdogo wa Italia, lakini barua ielekee ubalozini Nairobi.

Ya sita ni ya shule. Mwalimu mkuu ajue nani asimchukue mtoto saa sita mchana bila wewe kujua.

Nina sababu ya kusema kwa miguu. Mwaka mmoja tulituma amri kwa ofisi moja kwa barua pepe, Ijumaa alasiri, tukatosheka. Jumatatu baba wa mtoto akaja ofisini na simu mkononi: picha ya mwanawe, amekaa juu ya masanduku, Dubai, Jumamosi asubuhi. Jibu la barua yetu lilikuja Jumatano, la adabu kabisa, likisema imepokelewa.

Hatua ya saba: siku ya pande mbili

Siku ya kurudi kortini upande wa pili naye husema. Huenda akawa na hoja. Baba wa jaketi alikuwa nazo: mamake alikuwa mgonjwa huko kwao, alitaka amwone mjukuu, na aliogopa kumwambia mama kwa sababu kila akitaja safari walikuwa wakigombana. Hakimu hakumwona shetani. Alimwuliza kwa nini barua ya kuhama shule, kama ni safari ya wiki tatu. Hapo alikwama.

Hakimu hupima mtoto anaishi wapi na nani, shule, afya, uhusiano wake na kila mzazi, dini na mila alizokulia, na kauli yake mwenyewe kwa kadiri ya umri wake. Ripoti ya afisa wa watoto ina uzito mkubwa. Usimfundishe mtoto maneno. Mtoto wa miaka sita anayesema "maslahi yangu" anatambulika kutoka mlangoni.

Usiende ukitaka marufuku ya milele. Mahakimu hawaipendi, na mtoto ana haki ya nyanya zake wote wawili. Omba masharti: tarehe za kwenda na kurudi, tikiti ya kurudi, anwani ya kule, simu ya video siku fulani kwa saa za Kenya, dhamana ya pesa itakayorudishwa mtoto akirudi, na amri inayofanana itolewe kwanza na korti ya nchi anayokwenda. Hili la mwisho lina nguvu kuliko dhamana. Mwenye pesa anaweza kuipoteza dhamana akacheka; amri ya jaji wa nchi yake hataicheka.

Mkikubaliana, mkataba uandikwe na usajiliwe kortini uwe na nguvu ya amri. Mkataba wa maneno mbele ya chai na mahamri ni mzuri kwa siku ile tu.

Kama wewe ndiye unayetaka kusafiri

Omba mapema, kwa maandishi, miezi miwili kabla. Mzazi mwenzio akikubali, aape kiapo cha idhini mbele ya kamishna wa viapo: jina la mtoto, nambari ya paspoti, nchi, tarehe ya kutoka na ya kurudi, anayesafiri naye. Idhini isiyo na tarehe ya kurudi ina tundu la kupitisha ngamia. Ubalozi wa nchi za Schengen utaitaka kwa viza ya mtoto, na afisa wa kaunta anaweza kuiuliza ukisafiri peke yako na mwana. Hati itakayotumika nje huenda ikahitaji kuthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi. Ulizia ubalozini kabla hujalipa chochote.

Akikataa bila sababu, au hajulikani aliko, Mahakama ya Watoto hiyo hiyo inaweza kukupa ruhusa. Usimghushie saini. Nimemwona mama mwenye haki yote akipoteza heshima yake mbele ya hakimu kwa saini moja ya kuiga.

Kama ameshaondoka

Kuna Mkataba wa Hague wa 1980 unaorudisha watoto walio chini ya miaka 16 waliotoroshwa baina ya nchi wanachama. Italia ni mwanachama. Kenya haijajiunga. Maana yake ni kwamba huna ofisi ya serikali ya kukuchukulia kesi kule moja kwa moja. Utahitaji wakili wa nchi ile, na kesi katika korti ya kule.

Fanya mambo mawili sambamba. Hapa, pata haraka amri ya malezi na ya kumrejesha mtoto, hata kama aliyemchukua hayupo. Haitatekelezwa kule peke yake, lakini jaji wa kule ataisoma. Kule, fungua kesi kabla mtoto hajaota mizizi: kila muhula wa shule anaoumaliza ni hoja ya upande wa pili. Andikia Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Kenya wa nchi ile uombe wajue mtoto yuko hai na salama. Kama hata hujui aliko, DCI, idara ya upelelezi ya polisi, inaweza kuomba Notisi ya Manjano ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ambayo ni ya kutafuta waliopotea, watoto waliochukuliwa na wazazi wakiwemo.

Na usikate mawasiliano. Hata kama umechomwa moyo, pokea simu ya video, zungumza na mtoto habari za paka na shule, usilie. Namna ile ya kuzungumza ndiyo inayomfanya aliyemchukua asibadilishe nambari.

Kuondoa zuio

Hili hakuna anayelitaja, nalo limewaliza watu. Amri ikishaingia Uhamiaji hukaa mle. Mkipatana baadaye, haitoki kwa sababu mmepatana. Mnarudi kortini kwa ridhaa ya pande mbili, hakimu anaiondoa au anatoa ruhusa ya safari ile moja, karani anawarudishia paspoti kwa kusaini rejista, kisha amri mpya inafanya safari ile ile ya ile ya kwanza: Nyayo House, muhuri, saa, dawati. Wape Uhamiaji wiki mbili, usiwape siku mbili. Na mtoto atembee na nakala yenye muhuri ndani ya begi la mkononi.

Mama wa Muyeye na baba wa mtoto walipatana mwaka uliofuata, wiki tatu za Desemba, tikiti ya kwenda na kurudi, dhamana kortini. Walipata kila kitu isipokuwa kupeleka amri mpya Nairobi. Mtoto na babake walisimamishwa kwenye kaunta Mombasa, ndege ikawaacha. Mama ndiye aliyepanda matatu usiku ule kutoka Malindi na nakala mkononi ili awafungulie njia. Waliondoka siku mbili baadaye, jaketi likiwa limeshambana mtoto mabegani.